Kunjo Kwenye Kiwiko cha Kushoto

Simu ya Odilia ilinikuta napachika zipu kwenye sketi ya mwanafunzi, hapa Mbeya ninakoishi. Namba sikuijua. Sauti ya msichana ikasema, "Shikamoo mama. Samahani, wewe ndiye Febronia uliyekaa kwa Mama Skola kule Mazwi, Sumbawanga?" Niliitikia marahaba kisha nikamuuliza yeye ni nani, kwa sababu jina la Mama Skola sikuwa nimelisikia kinywani mwa mtu kwa zaidi ya miaka thelathini. Akajitambulisha kuwa ni mtoto wa mdogo wake Mama Skola, na kwamba mama yake mkubwa amefariki jana mchana, akiwa ameketi mlangoni kwake kama kawaida. "Aliacha maneno mawili," akasema. "Gauni la kumzika ulishone wewe, na mikono iwe mirefu." Niliiweka ile sketi chini. Nimeshona sana nguo za marehemu na haziniogopeshi, lakini hii iliniogopesha, na nitasema kwa nini. Siku nilipoondoka kwa yule mama kuna neno moja sikumwambia, nalo ni samahani. Nilikuwa nimemharibia kitu ambacho hakina cha kufidia, na sasa ananiita nije na mkasi wangu.

Nikisema nilijifunza kazi Sumbawanga, watu wa huku hucheka na kusogeza kiti kidogo. Nimeshazoea, na wakisogea mimi napata nafasi. Habari yangu haina mganga wala uchawi. Ina mama mmoja, cherehani mbili na karatasi za mifuko ya saruji. Nilipanda basi siku ileile. Lilipopita Laela upepo ulianza kuingia kwenye nyufa za madirisha, ule upepo wa Ufipa usiokuwa na haya, nami nikajikuta nimeukunja mkono wa kushoto na kuuweka tumboni. Huwa naukunja hivyo nikisikia baridi. Wanangu wamenitania kwa ajili hiyo tangu wakiwa wadogo, na sijawahi kuwaambia nilikoupata mkao huo.

Mara ya kwanza nilifika kwa Mama Skola nikiwa msichana, kutoka kwetu Kasense, baada ya mavuno, wakati ule wa baridi ambapo asubuhi huwezi kushika sindano mpaka uote kwanza vidole kwenye pasi ya mkaa. Chumba cha kazi kilikuwa cha mbele, mlango wake unatazama barabara ya vumbi inayopanda kuelekea kanisani. Mlikuwa na dirisha moja lisilo na kioo, meza ya kukatia iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani, na ukuta wa misumari. Kwenye kila msumari zilining'inia pateni, yaani zile karatasi za kukatia nguo: kifua, mgongo, sketi, mkono. Alizikata kwenye mifuko ya saruji iliyokung'utwa na kupigwa pasi, na kila mteja wake wa siku nyingi alikuwa na msumari wenye jina lake. Upepo ukiingia, karatasi zote ziligeuka kwa pamoja na kusugua ukuta. Ukiwa umeinamia cherehani ungesema watu wameingia na kupanga foleni nyuma yako. Mama Skola hakushtuka hata siku moja. Alisema tu, "Kaeni, nawasikia," akaendelea kukanyaga cherehani, nami nilidhani anatania.

Msumari wa mwisho, karibu na mlango wa ndani, haukuwa na jina. Palikuwa na mikono miwili tu ya karatasi, wa kulia na wa kushoto, imeiva kwa kushikwa mpaka imelegea kama ngozi. Hapo nilishangaa. Fundi hukata karatasi ya mkono mmoja, akishakata kitambaa cha kulia anaigeuza anakata cha kushoto, basi. Huyu alikuwa na miwili, na ule wa kushoto niliona wazi kuwa umekosewa. Ulikuwa mfupi kidogo kuliko mwenzake, halafu kwenye kiwiko ulipinda kwenda mbele, na upande wa ndani umemegwa kipande chembamba. Na mikono hiyo miwili ndiyo aliyoitumia kwa wateja wote. Kifua na mgongo alivitoa kwenye msumari wa mteja mwenyewe, lakini mikono aliitoa kwenye msumari ule, akiongeza ubavuni kwa mnene na kupunguza kwa mwembamba. Ule mpindo hakuugusa. Kwa hiyo kila gauni la mikono mirefu lililotoka kwake lilikuwa na kunjo dogo kwenye kiwiko cha kushoto, na mji mzima walilijua. Walisema ndiyo sahihi yake.

Alikuwa na desturi nyingine. Mteja akishavaa nguo yake mpya na kujitazama kwenye kioo, Mama Skola alimwambia, "Haya, nenda mpaka barabarani nikuone kwa nyuma." Mteja akaenda. Mama Skola akasimama mlangoni, mikono kwenye aproni, anamtazama akienda. Mteja alipofika barabarani na kuanza kugeuka, yeye alishaingia ndani. Alimtazama mtu akienda, akirudi hakumtazama. Mwanzoni nilidhani anakagua pindo.

Wiki ya kwanza alinishonea gauni la kitambaa kizito cha buluu, mikono mirefu, kwa mikono ya msumari ule. "Huwezi kukaa kwangu unatetemeka," akasema. Lilinikaa vizuri, ila mkono wa kushoto ulikuwa unadai kitu. Ukiunyoosha, mshono ulikukaba kwenye kiwiko. Ukiukunja kidogo na kuuleta mbele, unatulia. Mwili ni mvivu, unafuata panapouma kidogo. Baada ya mwezi nilikuwa natembea hivyo bila kujua. Siku moja, nyuma ya pazia la kujaribia nguo, niliwasikia wanawake wawili wakiongea. "Nikivaa hili mkono wangu unajikunja wenyewe," mmoja akasema. Mwenzake akacheka, "Hata wangu. Juzi nimebeba ndoo, baba Renata akaniuliza nimeteguka wapi." Walicheka sana. Mimi nilikuwa nimeshika pini mdomoni, nikautazama mkono wangu wa kushoto, nao ulikuwa umelala tumboni kwangu umetulia, kama wa mtu mwingine aliyeomba kupumzika hapo.

Halafu kulikuwa na jambo la sokoni. Nilitumwa maharage, mchana kweupe, nikawapita wauzaji wa kwanza kwa sababu maharage yao yalikuwa na wadudu. Nyuma yangu mama mmoja mzee akaita, "Skola!" Hakuita kwa kelele. Aliita kama unavyomwita mtu uliyemzoea, anayepita bila kukusalimia. Niligeuka. Yule mama alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye kigoda, akaniona uso, akajiziba mdomo kwa khanga, akakaa na kuanza kuchambua maharage ambayo yalikwisha kuchambuliwa. Nilipomwamkia hakuitikia. Nilirudi nyumbani haraka. Ajabu ni kwamba kwa miezi minne nilikuwa nimeitamka Skola mara hamsini kwa siku, Mama Skola hiki, Mama Skola kile, na sikuwa nimewahi kujiuliza huyo Skola yuko wapi.

Tulikuwa tunakula kwenye meza ileile ya kukatia, tumetandika gazeti, ugali wa ulezi na maharage au samaki mkavu wa kutoka bondeni Rukwa. Mchana huo nilimuuliza. "Mama, hivi Skola ni nani?"

"Mimi naitwa Mama Skola," akasema. "Sasa wewe ulitaka awe nani?"

"Nauliza yuko wapi."

Alimega tonge, akalifinyanga muda mrefu kuliko inavyohitajika. "Kula, pasi inapoa." Nilimwogopa sana siku ile, na sikuuliza tena. Leo nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye, na naona kwamba hakuwa amekasirika. Alikuwa anaangalia kama sauti itatoka.

Mwaka uliofuata kwaya ilitaka nguo mpya za jubilei ya parokia. Mwenyekiti wao, Mama Benadeta, mwanamke wa kicheko kikubwa na maneno ya kukata, alikuja na picha iliyochanwa kwenye gazeti: mikono mifupi ya puto, iliyojaa begani na kubanwa juu ya kiwiko. Magauni thelathini. Mama Skola aliitazama picha akairudisha. "Mkono mfupi sishoni. Baridi ya hapa mnaijua." Mama Benadeta akasema jubilei ni siku moja, hakuna atakayekufa kwa baridi ya siku moja. "Sishoni," akasema tena, akainamia cherehani. Wakati natoka kumsindikiza, Mama Benadeta alinishika bega. "Mwanangu, mama yako amezeeka kimawazo. Ukiweza kunionyesha mkono mmoja tu wa mfano, kazi ni yenu. Usipoweza, Jumatatu napeleka vitambaa kwa fundi wa barabara kubwa."

Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilijiona fundi. Jumamosi Mama Skola alikwenda kumwona mgonjwa, akaniachia chumba na mkaa. Nilijua namna ya kuugeuza mkono wa kawaida uwe wa puto, nilikuwa nimeifikiria wiki nzima kichwani. Unaufupisha juu ya kiwiko. Unachora mistari kutoka kwenye kichwa cha mkono, pale unapoungana na bega, kushuka chini, unaikata bila kuifikisha mwisho, kisha unaifungua vipande vipande mpaka kichwa kinapanuka na katikati pana nafasi za vidole viwili viwili. Unaibandika hivyo kwenye karatasi nyingine, unachora upinde mpya ulioinuka zaidi, na ile ziada yote ndiyo itakayokusanywa marinda begani. Nilijua pia kwamba kwanza unanakili. Hukati karatasi ya mtu. Hilo alinifundisha siku ya kwanza kabla hata ya kunionyesha pa kulala. Lakini karatasi iliyobaki ilitosha kubandikia tu, haikutosha kunakili. Nikasimama mbele ya msumari ule usio na jina, nikawaza kwa akili zangu zote: hapa pana miwili, mmoja mzima na mmoja umekosewa. Nikachagua mbovu. Nilijiona nina busara sana. Niliuacha wa kulia, nikachukua wa kushoto, nikaukata juu ya kiwiko, nikaupasua, nikaufungua.

Kile kipande cha chini, chenye mpindo, niliwashia pasi.

Aliporudi, mkono wa mfano ulikuwa umening'inia dirishani, umejaa upepo, mzuri kweli. Aliushika, akautazama ndani na nje. "Umekusanya marinda vizuri," akasema, na moyo wangu ukaruka. Halafu akatazama ukutani.

"Wa kushoto uko wapi?"

"Ni huu hapa, Mama. Nimeupanua."

"Na chini yake?"

"Niliwashia pasi, Mama. Ulikuwa umekosewa, si ndiyo? Ulikuwa umepinda."

Hakunipiga. Ningependa kuandika kwamba alinipiga. Alikwenda kwenye pasi, akafungua kifuniko, akatazama ndani muda mrefu, akaingiza kidole kwenye jivu. Jivu la karatasi hubaki na umbo ukiliacha, na juu ya makaa palikuwa na utando mweusi wenye ukingo uliopinda. Alipougusa ulivunjika. Akakaa kwenye kigoda cha wateja, kidole cheusi kimeinuliwa, akazungumza kama anayenieleza namna ya kupachika ukosi.

"Skola alianguka kwenye mpera akiwa na miaka sita. Mkono ukaunganishwa vibaya, haukunyooka tena. Alipokuwa na umri wako huo nilimpima gauni la Krismasi. Nikakata karatasi mikono miwili, maana mmoja usingemtosha. Kitambaa nilikuwa sijakikata. Akaniambia, Mama naenda Milepa kwa shangazi, nikirudi utanikuta nimenenepa, usikate bado. Homa ikamkuta huko. Mvua ilikuwa imekata barabara. Nilipofika ilikuwa siku ya nne tangu wamzike." Akalifuta jivu kwenye aproni. "Picha hakuwahi kupiga. Nilikuwa na huo mkono."

Nilitaka kusema samahani. Badala yake niliinama nikaokota vipande vya karatasi sakafuni.

"Mara ya kwanza nilikosea," akaendelea. "Nilichukua karatasi yake nikamkatia mteja. Yule mama akavaa, akatoka. Nikanyanyua macho, nikamwona mwanangu anakwenda barabarani. Anakwenda kabisa, mkono wake uleule. Sasa ningefanyaje, Febronia? Ningemwambia yule mama avue?"

Magauni ya kwaya tuliyashona yote thelathini. Mama Skola mwenyewe alisema yashonwe, mkono ule wa puto ukageuzwa kulia na kushoto kwa wote, sawasawa. Siku ya jubilei walipanda barabara kwenda kanisani wakiimba, na mimi nilisimama pembeni yake mlangoni. Mikono yao ilikuwa wazi kuanzia kwenye kiwiko, inapunga huku na huku, thelathini, kila mtu na wake. Aliwatazama mpaka wa mwisho. "Wanapita tu," akasema, akaingia ndani.

Jumatatu aliniambia nivue lile gauni la buluu. Nilivaa khanga, nikakaa namtazama akifumua mkono wa kushoto, uzi baada ya uzi, kwa wembe. Aliupiga pasi, akaulaza kwenye karatasi mpya ya saruji na kuuzungushia chaki. Nilielewa anachotaka, nikaanza kupumua. Mkono ule ulikatwa kwa karatasi ya Skola, kwa hiyo Skola atakuwemo. Alipomaliza kuchora akarudi nyuma hatua moja. Mpindo ulikuwepo, lakini juu zaidi kuliko nilivyoukumbuka, na mpana. Kitambaa kilikuwa kimeshavutwa na mwaka mzima wa kubeba ndoo, kufua na kukanyaga cherehani. Akapitisha kidole kwenye chaki. "Umeshaulegeza," akasema polepole. "Huu umekuwa wako."

Niliondoka Alhamisi hiyo, alipokwenda kununua vifungo. Nilipanda lori la mahindi mpaka Tunduma, bila kuaga. Gauni la buluu nililiacha mezani halina mkono mmoja. Nilijiambia nitaandika barua, na kila mwaka ulivyopita barua ikawa ngumu zaidi kuandika, mpaka nikaanza kujiambia kwamba huenda alishafariki. Huo ni uoga, na nautaja kwa jina lake.

Odilia alinipokea stendi na bodaboda mbili. Mazwi imejaa nyumba za bati jipya, lakini chumba kile kilikuwa palepale. Mama Skola alikuwa amelazwa chumba cha ndani, amefunikwa shuka, amekuwa mdogo. Nilimshika mguu juu ya shuka nikasema lile neno langu, kwa sauti, mbele ya kina mama waliokuwa wamekaa mkekani. Nililia bila haya. Hakuna aliyeniuliza samahani ya nini.

"Kitambaa hiki hapa," Odilia akasema, "na karatasi zake ziko ukutani. Alisema utajua msumari."

Nilijua. Ilining'inia mikono miwili. Wa kulia ulikuwa ule wa zamani, umelegea mpaka unapitisha mwanga. Wa kushoto ulikuwa ule aliouchora kwa chaki mbele yangu, umekatwa, umeiva nao kwa kushikwa miaka na miaka, mpindo uko juu, mpana. Msumari ambao haukuwa na jina sasa ulikuwa na karatasi ndogo, maandishi yake yaleyale ya kulalia upande. *Febronia.*

"Aliutumia mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka wiki iliyopita, mama. Wote anawashonea kwa huo. Halafu anawaambia waende mpaka barabarani." Odilia akatabasamu kidogo. "Mimi nilikuwa namuuliza, mama mkubwa, unaangalia nini? Anasema, namwangalia mtu wangu aliyeondoka bila kuaga."

Nilikata gauni lake kwa karatasi hizo mbili. Sikuongeza wala kupunguza. Kina mama waliomvalisha walitoka wakisema mkono wa kushoto umeingia wenyewe, umejikunja juu ya tumbo ukatulia, hawakuulazimisha.

Tulizika saa tisa alasiri, upepo unavuma. Wanawake wa mtaa waliondoka nyuma ya jeneza, wamevaa vitenge vya mikono mirefu alivyowashonea kwa ajili ya baridi, na mimi nilichelewa kwa sababu nilikuwa nafunga mlango. Nilipogeuka walikuwa wameshafika barabarani, wanapanda, wamenipa mgongo. Wanene na wembamba, vijana na wazee, mkono wa kushoto wa kila mmoja umekunjwa kidogo na kuletwa mbele, kunjo moja dogo kwenye kiwiko, juu kidogo, pana kidogo. Mtu hajui mwendo wake, hajawahi kuuona. Mimi niliuona wangu, ukipanda kilima mara arobaini, unakwenda, unakwenda. Nikabaki mlangoni, mahali pake, mikono kwenye khanga. Nikatamani mmoja wao ageuke, anione kwamba nimerudi. Hakuna aliyegeuka.